Nyuzi za Maposeni

Nilipofungua sanduku, gitaa lilikuwa uchi.

Lilikuwa limelala chali juu ya kitambaa chake cha zambarau, kama askofu kwenye jeneza, na halikuwa na uzi hata mmoja. Aliyezitoa nyuzi alikuwa hana haraka. Alikuwa amefuta vumbi, amelegeza vifungo vyote kwa adabu, na nadhani hata mbao alikuwa amezipaka mafuta. Nimehudhuria maziko mengi ya Kikatoliki, na sijaona maiti iliyoandaliwa vizuri kuliko lile gitaa la besi.

Maharusi walikuwa wameshatoka kanisani. Vigelegele vilikuwa vinakuja na vumbi kutoka barabarani. Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ghala la mahindi, na Skolastika, mwimbaji wetu, alikuwa akiiambia Maposeni nzima moja, mbili, moja, mbili. Na mbele kabisa ya turubai, kati ya wazee wa upande wa bibi harusi, kwenye kiti ambacho hakuna aliyempa, alikaa Tadei akiwa na kopo la maziwa ya unga mapajani.

Alinitazama. Kisha akaligonga kopo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Lazima nieleze kopo lile, maana lilikuwa maarufu Songea kuliko madiwani.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Mjini kila kitu kilikuwa kinauzwa, na mwenye kuuza hakuulizwa amekipata wapi. Shirika moja la umma lilikufa, na vyombo vya bendi yake vikatolewa nje kama nguo za marehemu. Aliyevichukua vyote ni Bwana Twaha, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu ambaye mpaka leo hawezi kutofautisha gitaa la solo na mwiko. Alinunua vyombo kama mtu anavyonunua nyumba, na ndani yake akakuta wanamuziki, kama mtu anavyokuta panya. Tadei, mpiga besi, alikuwa panya mkubwa kuliko wote.

Sasa, miaka ile ungeweza kupata Songea sabuni ya kila rangi, makoti ya Wazungu waliokufa, na biskuti zenye picha ya malkia. Uzi wa gitaa la besi haukuwapo, kuanzia Madaba hadi Tunduru. Tadei alikuwa nazo nne, alizoletewa na shemeji yake enzi za shirika, na alizitunza kuliko watoto wake. Zikifubaa sauti alizichemsha kwa magadi, katika sufuria ileile ya maharage ya mkewe, kisha akazianika juani zikalia upya. Kila dansi likiisha alizifungua, akazikunja, akazifungia kwenye kopo. Gitaa lilikuwa la tajiri. Nyuzi zilikuwa zake. Wanamuziki wote wa mji ule walijua desturi hiyo kama wanavyojua njia ya kwenda chooni.

Mimi sikuijua. Mimi nilisoma shule ya bweni ya misheni, ambako besi ilipigwa kwenye Misa ya Jumapili, na gitaa, nyuzi, amplifaya, godoro nililolalia na maharage niliyokula, vyote vilikuwa mali ya misheni. Huko hatukujiuliza uzi ni wa nani. Tulijiuliza mambo ya juu zaidi. Kwa mfano mimi, katika kidato cha tatu, nilimfundisha kasuku wa gombera, mkuu wetu wa shule, kuitikia Amina kabla sala haijafika nusu. Nilihitimu na cheti ambacho familia yetu iliamua kutokizungumzia wakati wa kula.

Baba mdogo Pankrasi alikuja kutoka Namtumbo, akakisoma cheti, akakirudisha kwenye bahasha.

"Una mpaka mvua za kwanza," alisema. "Zikikukuta mjini huna kazi, mashamba ya tumbaku hayana ubaguzi. Yanapokea hata waliosoma."

Kwa hiyo nilitafuta kazi, na kazi niliyoiweza ilikuwa moja. Nilihudhuria mazoezi ya bendi ya Bwana Twaha kwenye baa nyuma ya soko mpaka wakachoka kunifukuza. Waliniita Frateri kwa sababu ya shule niliyotoka, na hawakuniita hivyo kwa heshima. Tadei alikuwa akisubiri watu wajae, halafu ananiuliza kwa sauti kama nimeshajua kujifunga kamba za viatu. Nilimjibu kwamba bado, ninasubiri anifundishe akishajifunza yeye. Mpaka hapo tulikuwa tunaelewana.

Halafu Tadei akafiwa Madaba. Alipoondoka aliziacha nyuzi kwenye gitaa, kwa haraka ya msiba, na mimi nikalishika. Sitajisifu. Nitasema tu kwamba Skolastika aliacha kutazama dari. Bwana Twaha alipenda zaidi kwamba sinywi pombe, sina mke, na sina watoto. Kwa kifupi, sina sababu ya kudai chochote. Tadei aliporudi na kitambaa cheusi bado begani, akaambiwa kiti kina mtu mwingine.

Tulitegemea matusi. Tadei akasema, "Sawa, tajiri." Akatupa mkono sote, mmoja mmoja. Akalifunga sanduku la gitaa mwenyewe, akalipiga kofi mgongoni kama mtu anayeaga punda.

Ndivyo sanduku lilivyofika Maposeni, kwenye harusi yangu ya kwanza ya kazi.

Nilimwendea pale alipokaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe misheni walikufundisha."

"Naomba nyuzi."

"Zipi?"

"Za gitaa."

"Gitaa umepewa. Mimi sijashika kitu cha mtu." Alifunua kopo kidogo. Zilikuwemo, zimejikunja, zinang'aa. Akafunika. "Panda jukwaani, Frateri. Shika kipaza sauti. Waambie watu: mimi sijui besi, nimekaa kwenye kiti cha mtu, leo atapiga mwenyewe. Hayohayo, usipunguze. Halafu nenda kale pilau na watoto wenzako."

Mzee aliyekaa pembeni yake, ambaye hakujua lolote, aliniambia, "Kijana, mtii mkubwa."

Bwana Twaha alikuwa ameshaliona sanduku. Alikuja na kanzu yake nyeupe, akanitazama kama mtu anayetazama gunia la korosho lililonyeshewa.

"Watu wamepewa soda," alisema polepole. "Soda zikiisha nataka kusikia besi. Nisipoisikia, wallahi, nakupandisha mwenyewe gari la Namtumbo."

"Nyuzi anazo Tadei, tajiri. Mwambie."

"Nimwombe Tadei? Mimi?" Akacheka bila kufungua mdomo. "Afadhali nisikie jenereta."

Nilikwenda nyuma ya ghala, nikiwa na nia ya kulia kwa heshima mahali pasipo na watu. Hapo palikuwa na watu wawili: Fransisko, fundi wa jenereta, na pikipiki ya Bwana Twaha.

Fransisko alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la spana, akila nyama kwa kisu. Alikuwa kwenye bendi tangu enzi za shirika, na Bwana Twaha hajawahi kumwita kwa jina. Alimwita "wewe wa moshi."

Niliitazama pikipiki. Ilikuwa imeegeshwa kivulini, imefutwa, imefunikwa kiti kwa taulo. Kutoka kwenye usukani ziliteremka kebo zake, nyeusi, zenye kunona. Nikazihesabu. Kebo ya mafuta, nyembamba. Kebo ya breki ya mbele, nene kidogo. Kebo ya klachi, nene zaidi. Na ile ya spidomita, nene kuliko zote, imesukwa kama uzi wa besi wenye sauti nzito kabisa. Mbele ya macho yangu, aliyeiunda pikipiki ile alikuwa ameunda gitaa kwa makosa.

"Fransisko," nilisema, "nina ombi la kiroho."

Alifuata macho yangu. Akatafuna, akameza. Akasimama akafungua sanduku la spana.

"Anza na klachi," alisema. "Ndiyo itakayomuuma tajiri kukosa."

Tuliivua pikipiki kwa utulivu unaostahili ibada. Fransisko alichomoa waya kutoka kwenye maganda yake, mmoja baada ya mwingine, akaupangusa grisi kwa lile taulo la kiti. Ncha za tatu zilikuwa na vichwa vya risasi, vikashika chini ya gitaa kama vilivyozaliwa hapo. Ile ya spidomita tuliifunga fundo kwa plaisi, Fransisko akiipinda huku amekenua meno. Matundu ya vifungo tuliyapanua kwa tupa. Nilikaza, nikasikiliza, nikakaza tena, nikiogopa mpini utavunjika. Haukuvunjika. Nilipoubonyeza uzi wa kwanza, ukanichana kidole.

Soda zilikuwa zinaisha.

Nilipanda jukwaani. Tadei alijiweka sawa kitini, tayari kusikiliza hotuba. Nilikisogelea kipaza sauti, nikainama kwa heshima upande wake, nikasema, "Wapendwa, wimbo huu ni kwa mzee wetu Tadei, ambaye bila yeye nisingeweza kufika hapa." Watu wakampigia makofi. Mzee wa pembeni akampa mkono.

Kisha nikapiga.

Ile haikuwa sauti ya besi ya Tadei, laini, iliyochemshwa. Ilitoka nzito na chafu, kama lori lililojaa mahindi linapanda Matogoro kwa gia ya kwanza, na ilikuwa na mkwaruzo ndani yake ambao ulimpata mtu tumboni kabla ya masikioni. Vijana waliokuwa wamesimama nje ya turubai wakaingia. Mama wa bibi harusi akavua viatu. Vumbi lilipanda mpaka magotini, kisha mpaka viunoni, na Skolastika akageuka katikati ya ubeti akaniuliza sikioni, "Unapiga nini, Frateri?"

"Pikipiki."

Alicheka ndani ya kipaza sauti, na watu wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakashangilia.

Nilikuwa nashinda. Nitasema hivyo waziwazi kwa kuwa haikunitokea mara nyingi. Vidole vilikuwa vyekundu na vyeusi, damu na grisi, na uzi wa klachi ulikuwa unaingia kwenye nyama kama kisu cha Fransisko. Sikujali. Bwana Twaha alikuwa amesimama mlangoni mwa turubai, akitikisa kichwa kufuata mapigo ya klachi yake mwenyewe.

Tadei aliinuka. Alipita katikati ya wachezaji na kopo lake kwapani, akaja mpaka chini ya jukwaa, akatazama gitaa. Tone la grisi lilidondoka kutoka kwenye mpini. Aliliangalia lilipoanguka, akatazama upande wa ghala, akanitazama tena.

"Huo wa juu ni wa spidomita," alisema.

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, akarudi kitini. Na alikuwa anatabasamu. Shuleni nilijifunza kwamba mtu aliyeshindwa huwa mpole. Hawakuwa walimu wazuri.

Jua lilipoanza kushuka, Bwana Twaha alinijia kati ya nyimbo mbili. Alitaka kuwahi mjini kabla ya magharibi. Akanipa mkono.

"Kiti ni chako," alisema. Kisha akatazama kiganja chake, kilichokuwa cheusi, akakifuta kwa leso bila kuuliza.

Akaenda nyuma ya ghala.

Nilianza wimbo mwingine, mrefu. Fransisko alikuwa amepata shughuli ya haraka upande wa pili wa jenereta. Kwa muda hakukuwa na lolote, na nikaanza kuamini miujiza. Halafu Bwana Twaha akatokea kwenye pembe ya ghala akiwa na taulo la kiti mkononi. Alisimama pale, akiziangalia nyuzi. Hakupiga kelele. Nadhani hakuweza, wimbo ulikuwa mkubwa, na wote walikuwa wakiucheza.

Lori lililoleta vyombo lilikuwa limerudi Songea, lije kutuchukua asubuhi. Maposeni nzima kulikuwa na baiskeli za kutosha, lakini wenyewe walikuwa wanacheza muziki wangu. Isipokuwa mmoja.

Tadei aliikokota baiskeli yake mpaka mbele ya Bwana Twaha, akapangusa keria kwa mkono wa shati. Nilimwona akisema neno moja. Siwezi kuapa, lakini nadhani lilikuwa "Karibu."

Bwana Twaha alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesema afadhali asikie jenereta kuliko kumwomba. Hakulazimika kumwomba. Akakunja kanzu, akaketi kwenye keria kiupandeupande, kama wakinamama wanaokwenda kliniki. Kwa kuwa usukani unataka mikono miwili, Tadei akampa kopo amshikie. Na tajiri akalipokea, akalipakata mapajani kwa mikono yote miwili, lisigongegonge njiani.

Walishika njia ya Peramiho. Kutoka pale hadi Songea ni mbali, na kuna vilima vingi ambavyo watu wawili hushuka wakasukuma pamoja, wakizungumza.

"Piga, Frateri," Skolastika alisema bila kunitazama. "Leo piga sana."

Nilipiga mpaka giza.

Fransisko alikuja kunidai kebo siku chache baadaye, kwa amri. Alichukua ya klachi, ya breki na ya mafuta. Ile nene aliitazama, akanirushia. Pikipiki inatembea bila hiyo, alisema.

Sasa niko Namtumbo. Mvua zilipokuja zilinikuta hapa, nimeshika jembe kwa vidole vyenye makovu manne yaliyonyooka. Kazi yangu ya sasa ni kufunga majani ya tumbaku kwenye fito na kuyapandisha bandani yapate moshi. Baba mdogo hana lawama nami, isipokuwa moja: nimeukaza waya mmoja mnene kati ya nguzo mbili za banda, na nikiupiga, paa lote linatetemeka na majani yanadondoka. Ameniambia mara nyingi niutoe. Namwahidi kila Jumapili.

Wanaotoka mjini wanasema Tadei anapiga vizuri, na kwamba Bwana Twaha sasa anamwita kaka. Wanasema pia wanamwona tajiri barabarani, juu ya pikipiki yake, imefutwa, inameta, sindano ya spidomita imelala kwenye sifuri.