Barua ya Kumushusha Tata Omer

Mi njo niliandika ile barua, tarehe moya mwezi wa ine, nikaigonga cachet ya zamani, muhuri ya kampuni, nilipata mu tiroir ya bureau. Nikaibandika pa mulango ya vestiaire, fasi ya kuvalia nguo ya kazi, mbele bus ya cité ya Kapata ilete batu ya kazi: "Monsieur Omer, chef d'équipe, amekuwa rétrogradé. Sababu anaijua mwenyewe."

Baliposoma bakaniangalia bote, juu nilifika deuxième graduat ku université mbele masomo inichoke.

"Rétrogradé ni bugonjwa gani?" Mechack, mécanicien, akauliza.

"Haiko bugonjwa. Ni kumushusha mutu grade. Jana chef na casque ya mweupe pa kichwa, leo anarudia kwenu na casque ya manjano. Inafikaka soldat, inafikaka ata pasteur."

"Basi mi bibi yangu alinirétrogradaka zamani. Nalalaka mu salon."

Tulikuwa tunacheka wakati Tata Omer aliingia. Nilingoja alalamike, kisha niseme poisson d'avril, uongo ya kucheka ya ile siku. Akasoma mara mbili. Akatosha casque yake, akaiweka pa banc polepole.

"Balijua namna gani?" akauliza.

Akatugeukia.

"Camion ya Ngeleka," akasema. "Nilitia signature kama frein iko muzuri. Sikuiangalia. Mvua ilikuwa inanyesha, nilichoka, nikatia tu signature."

Ngeleka alikatwa muguu mwezi wa mbili. Camion yake ilishuka mu carrière, mu shimo ya mine, bila kusimama, kampuni ikasema yeye njo alikimbiza sana, ikamufukuza. Ndugu yake Sadrack alikuwa palepale, anafunga kamba ya botte. Akaacha kufunga.

Nikasimama. "Tata Omer, ile barua ni mi. Ilikuwa kucheka tu. Ku bureau hakuna mutu anajua kintu."

Hakunitukana. Angenipiga, ingekuwa muzuri. Macho yake ikaenda pa casque, na mukono nayo ikaanza kwenda. Ingetosha aseme naye alikuwa anacheka.

"Tata, iache pale," Sadrack akasema, sauti ya chini.

Mukono ikarudia.

"Basi fanya barua ingine," Tata Omer akaniambia. "Ya kweli. Andika Ngeleka hakukosa kintu. Kisha tia ile neno yako, rétrogradé, mi mwenyewe naomba banishushe."

"Chef, habatakushusha. Batakufukuza."

"Andika kwanza."

Sirène ya kazi ikalia, hakuna mutu alitoka. Sadrack akanishikilia karatashi pa banc, nikaanza na jina ya Ngeleka.