Laptopu Iliyofunikwa Blanketi

Mistari ilirudi kwenye kioo cha laptopu siku ile ile nilipofungua duka baada ya msiba. Ulianza mmoja wa kijani, umesimama upande wa kulia. Ikafuata mingine, myekundu na ya zambarau, mpaka kioo kizima kikawa kama pazia la chumba cha kupanga. Nikaizima laptopu, nikaiwasha. Nikaipiga kofi la mgongo, maana na mimi nina mipaka yangu. Ikaganda kabisa.

Sikukasirika. Nalisema hilo kwa sababu wanaonijua watashangaa. Mimi ni mtu wa maneno, na wateja walizoea kumwambia mwenzangu, "Wewe unachonga mawe, mkeo anachonga watu." Lakini tangu tumzike nilikuwa nimekufa ganzi mpaka ulimi. Nilikula nikiambiwa kula. Watu walikuja kunipa pole, nikawajibu nimeshapoa, na wakitoka tu sikumbuki ni nani aliyekuja.

Kazi yetu ni mawe ya makaburi. Mwenzangu alichagua jiwe, akalikata na kulisugua mpaka unajiona uso. Mimi nilikaa upande wa kompyuta. Naandika jina na tarehe, napanga mistari, nabonyeza, na mashine ya kuchonga inashusha ncha yake na kuanza kula jiwe taratibu, kwa kelele ambayo baada ya muda huisikii tena. Herufi alizichora yeye kwa mkono wake, moja moja, mimi nikaziingiza ndani ya ile laptopu. Ukipita makaburini utazijua kwa mbali. R yake ina mguu mrefu, na A yake ina tumbo dogo, nilikuwa namtania kwamba inafanana na yeye akishashiba.

Na zimo humo tu. Programu ni ya zamani, inakubali laptopu ile moja na mashine ile moja, na walioitengeneza walishafunga shughuli zao. Tulijua iko siku itatuweka pabaya. Tulikuwa tunasema tutalishughulikia wateja wakipungua. Kufunga ndoa pia tulisema tutafunga wateja wakipungua. Sasa wateja wa biashara kama yetu huwa hawapungui.

Kwa hiyo hatukuandikishwa popote. Tuliishi, tukazeesha masufuria pamoja, hatukujaliwa mtoto, na kwa mama yake nikabaki "yule wa dukani". Sikumsikia hata siku moja akiniita mkwe.

Siku ya pili ya mistari akaja shemeji, mdogo wake mwenzangu. Alikuwa na maneno ya jiwe kwenye simu, mama yao ameyarekodi kwa sauti yake. Jina. Kuzaliwa. Kufariki. Mtoto mpendwa wa fulani na fulani. Ndugu wa fulani na fulani. Nikamwomba airudie, akairudia. Nilikuwa nasubiri zamu yangu kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali, na sauti ikakatika.

"Ndiyo yote?" nikamuuliza.

"Ndiyo yote. Amesema pasipungue, pasizidi." Alikuwa anaviangalia viatu vyake. "Na amesema nisimame hapa mpaka liishe. Jumamosi ukoo mzima unakuja kuliweka."

Hana baya, shemeji huyu. Ndiye pekee kwao anayeniita shemeji, na siku ya mazishi ndiye aliyenishika mkono nisibaki nyuma ya watu. Ila mbele ya mama yake anakuwa maji. Nikamuuliza yeye anaonaje, akasema yeye hana la kusema. Nikamwambia basi kaa.

Nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilitaka jina langu likae kwenye jiwe lake, kwa herufi zake. Hakuna cheti, hakuna mtoto, na siku nikifa duka litakuwa la mtu mwingine. Hapatakuwa na mahali pengine popote pa kuonyesha kwamba yule mtu alikuwa na mimi. Nilitaka, lakini hata kule kutaka kwenyewe nilikusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

"Kuna wale wachongaji wa ng'ambo ya barabara," shemeji akasema, baada ya kuitazama mistari. "Wanamaliza siku hiyo hiyo."

"Na herufi?"

"Herufi si ni herufi tu, shemeji."

Nikamtazama. Zamani ningemla mzimamzima. Siku ile nikaenda chumba cha nyuma nikaleta blanketi.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya mwenzangu. Mistari ilipoanza mwaka jana, aliikunja laptopu ndani ya blanketi ikiwa inawaka, akaiacha ijichemshe yenyewe mpaka feni inahema. Akaizima, akasubiri ipoe, akaiwasha, na kioo kikawa safi. Alifurahi siku nzima, akamsimulia kila aliyeingia dukani. Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila ikiumwa tunaifunika, na yeye anaibembeleza kabisa, eti lala mama, lala. Nikaifunika na mimi. Sikuibembeleza. Nilipoiwasha, mistari ilikuwa mingi kuliko mwanzo.

Tukampelekea fundi wa kompyuta. Mtaani tunamwita Dokta, kwa ajili ya taa anayoivaa kwenye paji la uso. Ana kibanda chembamba kati ya duka la vioo na mshona viatu, na ndani mmejaa vifuniko, nyaya na skrubu ndogo kwenye vifuniko vya chupa. Aliifungua yangu, akainamia, akanusa.

"Nani amekuwa akiipasha moto?"

"Mwenzangu," nikasema. "Kwa blanketi."

"Blanketi."

"Ilikuwa inapona."

"Haikuwa inapona, dada. Ilikuwa inaiva." Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi, cha mraba, hakizidi ukucha wa kidole gumba. "Hii chipu ndiyo inayotengeneza picha. Kila unachokiona kwenye kioo kinatoka hapa. Ukiipasha moto inajishikiza kidogo, unaona safi, unashukuru. Lakini kila mara ndani inazidi kuungua. Mmeiua kwa huruma."

Shemeji akauliza kama tukichomeka televisheni haitafaa. Dokta akasema picha ni za chipu hiyo hiyo, tutaona mistari hiyo hiyo, tena mikubwa. Nikauliza kuhusu chipu mpya. Akasema mpya hazitengenezwi tena, na nikiipata kuukuu itakuwa imetolewa kwenye maiti ya ugonjwa huu huu. Mafaili yaliyomo ndani yote ni mazima, anaweza kunitolea hata sasa hivi, ila programu yangu haitakubali kuamkia kwingine.

"Ninachoweza ni kuipuliza moto mara ya mwisho, moto wa kupima, si wa blanketi. Ikikubali, fanya kazi yako haraka. Inaweza kukaa saa moja, inaweza isifike. Ikizima tena usiniletee, itafutie sanda."

Halafu akaangalia nguo yangu nyeusi. Taa ya paji la uso ikanimulika machoni.

"Samahani, dada. Ulimi hauna mfupa."

"Hamna neno," nikasema. Na kweli halikuwepo neno. Nilikuwa naitazama ile chipu na kufikiria jinsi mwenzangu alivyokuwa akilikunja lile blanketi pembe kwa pembe. Nilitegemea nitaumia. Sikuumia.

Dokta alipomaliza kuipuliza, tuliibeba mpaka dukani shemeji akiikumbatia, anakwepa mashimo. Jiwe lilikuwa limeshalala mezani, jeusi, mwenzangu alilisugua mwenyewe kwa ajili ya mteja mmoja aliyeghairi, akalipenda akagoma kuliuza. Nikachomeka waya. Nikawasha. Kioo kikatoka safi kama cha dukani, na herufi zake zikajipanga mbele yangu, na tumbo lao, na miguu yao.

Nikaanza. Shemeji alisimama nyuma ya bega langu na simu mkononi, anasikiliza mstari, anauangalia kwenye kioo, anasema sawa. Jina, sawa. Tarehe, sawa. Mtoto mpendwa wa, sawa. Nilipofika kwenye ndugu, jina lake mwenyewe likatokea, akaurudia mstari kwenye simu kabla ya kusema sawa.

Ule mstari wa kijani ukasimama. Sikuwahi hata kuvuta pumzi, ikaja yote, halafu kioo kikazima, kikawa cheusi.

"Imekufa?"

"Kilichokufa ni kioo. Yenyewe ipo, sikiliza feni."

"Sasa utafanyaje? Huoni kitu."

"Vidole vinaona."

Kweli vinaona. Miaka yote ile ni vitufe vile vile, ningeweza kuifanya kazi ile nikiwa nimelala. Ilibaki kupanga nafasi na kubonyeza. Shemeji alikuwa anakitazama kioo cheusi kwa bidii, kama askari anayelinda mlango ambao hauna nyumba, na nikatambua kwamba hakuna mtu duniani anayeona ninachokiandika. Hata mimi.

Nikashuka mstari mmoja chini. Nikaandika MUME WA, nikaandika jina langu.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Napanga mistari."

Nilijiona kama nimeandika jina la mteja. Nikabonyeza, na mashine ikashusha ncha yake.

Ilichonga vizuri. Maji ya kupoza yalitiririka, vumbi likageuka uji wa kijivu pembeni, na jina la mwenzangu likatoka kidogo kidogo kwa mkono wake mwenyewe. Shemeji aliisoma kila herufi ikitokea. Kwenye tarehe ya kufariki alijifuta uso, akasingizia vumbi. Mstari wa ndugu ulipokwisha, akalishusha bega.

"Haya, imeisha," akasema.

Mashine haikurudi nyumbani kwake. Ilishuka chini, ikatafuta katikati, ikaanza tena.

"Shemeji. Mbona inaendelea?"

Alisoma mwenyewe, M, halafu U, na alipofika kwenye E alikuwa ameshaelewa, maana alikitazama kile kitufe chekundu cha kusimamisha mashine. Kilikuwa upande wake. Akaweka mkono juu yake.

"Mama atasema nini?"

"Atasema ni mimi niliyeandika. Na ni kweli."

"Mimi niliambiwa nisimame hapa."

"Si umesimama."

Mkono ulibaki pale pale juu ya kitufe, haukubonyeza na haukuondoka. Mashine ikamaliza neno la kwanza, ikamaliza la pili. Ikainua ncha kwenda kuanza jina langu, na feni ya laptopu ikanyamaza.

Mashine nayo ikanyamaza, ncha yake ikaning'inia hewani. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda kutoka kwenye vitufe, na chini yake meza ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Hata blanketi sikuliwaza.

Shemeji alichukua kitambaa akalifuta jiwe. Akalisoma lote tangu juu, polepole, midomo ikicheza, akafika mwisho.

"Mume wa," akasema. Baada ya hapo palikuwa patupu, jiwe jeusi linang'aa. "Mume wa nani sasa? Watu watauliza."

Hakucheka. Na mimi sikucheka, ingawa yule aliyelala chini ya udongo angecheka mpaka ashike mbavu. Nilisema tuliache. Nikasema pengine wale wa ng'ambo wanaweza kuyasugua yale maneno mawili yakatoka, ukoo usije ukaaibika Jumamosi kwa ajili ya mtu wa dukani. Niliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama naagiza sukari.

Shemeji akaenda ukutani zilikotundikwa zana za mkono za kaka yake. Alichagua patasi nyembamba kuliko zote na nyundo ndogo, akaja akaviweka mbele yangu, na penseli juu yake.

"Maliza."

"Mimi si mchongaji. Litapinda."

"Litapinda. Wewe maliza, shemeji. Mama aliniambia nisimame hapa mpaka liishe, na bado halijaisha."

Nikachukua penseli. Nikainama kuichora herufi ya kwanza ya jina langu, na nikajaribu kukumbuka yeye alikuwa akiianzia wapi, juu au ubavuni. Maelfu ya herufi zake zimepita kwenye vidole vyangu, na kumbe sikuwahi kuichora hata moja. Nilikuwa nabonyeza tu, kwa sababu yeye alikuwepo. Nilitaka kugeuka nimuulize. Niligeuka kweli.

Ndipo ikaja. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, kilio ambacho sikukilia hospitali wala makaburini. Nilimlilia yeye, nikamtukana kwa kuniacha, nikamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyewahi kumwitia. Uchungu ulinikata tumboni kama njaa ya siku nyingi. Machozi yalidondoka pale pale nilipotakiwa kuchora. Shemeji akayafuta kwa mkono wa shati, yakadondoka mengine, akafuta tena. Penseli haishiki kwenye jiwe lililolowa, kwa hiyo akavuta kiti, akakaa, tukasubiri.