Chupa Iliyosimama Kabatini

Vitanda vilikuwa vimeshapanda lori, na makuli wanabishana na kabati mlangoni, pale mdogo wangu alipotuita sebuleni tuonje kwa mara ya mwisho. Viti vilikuwa vimekwenda. Tukakalia makreti, glasi zikapangwa juu ya meza ya kupigia pasi, na ndoo ya kutemea ikawekwa katikati, mahali pake pa siku zote.

Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa jiografia, na kikundi alikianzisha yeye. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni, tunaonja mvinyo wa nchi moja, au wa bonde moja kwa miaka mbalimbali. Alikuwepo daktari wa meno, tuliyemtania kwamba anatafuta kinachowaozesha wateja wake, na mama mmoja mstaafu wa posta tuliyemwita Bibi Stempu. Mimi waliniita Kiguu, kwa kuwa sikai. Shule nimesoma vipande vipande, darasa moja mji huu, jingine mji ule, lakini zabibu nimechuma katika nchi tano na ulimi wangu waliuamini. Sheria ilikuwa moja tu: chupa inavalishwa soksi usiione lebo, na unasema kile ulimi ulichokuambia, hata kama aliyeileta ni mama yako.

Shemeji, mke wa Mwalimu, hakuonja. Yeye alikata mkate, akatucheka tukivuta harufu juu ya glasi, akarudi jikoni kwake.

Mwaka aliozaliwa binti yao nilikuwa kwenye bonde la mbali, nachuma. Mwenye shamba aliniambia nibaki mpaka mvinyo utiwe chupani, kisha nichague chupa moja iwe yangu. Nikachagua kutwa nzima. Niliandika tarehe ya mtoto kwenye lebo, nikaifunga ndani ya koti, nikaibeba melini na kwenye treni mpaka kwao. Tukakubaliana itafunguliwa siku ya harusi yake. Kila nikirudi safari alikuwa ananiuliza, "Baba mkubwa, chupa yangu imekua?" Namjibu inakua. Alikufa ana miaka kumi na tisa, homa ya wiki mbili, nami niko njiani.

Baada ya mazishi shemeji aliitoa chupa stoo, akaisimamisha kabatini kando ya picha ya mtoto, maandishi yaielekee picha. Ikasimama hivyo miaka kumi na moja. Sisi waonjaji tunajua kwamba chupa inalazwa, mvinyo uguse kizibo kisikauke. Mwalimu ndiye aliyetufundisha. Lakini ungemwambiaje mama yule ailaze? Mwalimu hakumwambia, na sisi hatukumwambia.

Siku hiyo ya kuhama Mwalimu alileta chupa tatu za bonde moja. Tukazimaliza kwa utani. Daktari akakosea miaka yote, Bibi Stempu akamwambia arudi kwenye meno. Ndipo shemeji akatoka jikoni na chupa ya nne, imeshafunguliwa, imevaa soksi.

"Na hii ni yangu, ya kuagana," alisema. Akaketi juu ya kreti, akaomba glasi. Hakuwahi kufanya hivyo. Nikafikiri ni kwa sababu ya kuhama.

Niliweka mdomoni, nikatema.

"Shemeji, nani amekuuzia siki? Hii tia kwenye kachumbari."

Bibi Stempu alicheka. Nikashika chupa, na kama desturi yetu kwa iliyoharibika, nikaimimina yote ndooni.

"Sasa ivue soksi," shemeji alisema.

Nikaivua. Mwandiko ulikuwa wangu.

Mlangoni makuli walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu, wanainua.

"Nilitaka muionje bila kuionea huruma," shemeji alisema. "Mkijua ni ya nani mngenidanganya. Haya, shemeji, wewe ndiye mwenye ulimi. Imeharibiwa na nini?"

Mwalimu alikwenda jikoni, akarudi na kizibo kiganjani. Kilikuwa kimekauka, kimekatika vipande. Alifumba mkono tu, akanitazama.

"Ilikuwa mbovu tangu mwanzo," nilisema. "Mvua iliingilia mavuno ya mwaka ule."

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliona aibu kuja mikono mitupu."

"Kwa hiyo mtoto anakuuliza imekua, unamwambia inakua."

"Ndiyo, shemeji."

Glasi yake ilikuwa bado na mvinyo. Akaunywa wote polepole, uso haukubadilika.

"Inuka," akaniambia. "Kreti hilo lina vyombo."

Nikainuka. Akaosha glasi, akazifunga kwenye magazeti, moja moja. Daktari alitaka kusema jambo, Bibi Stempu akamkanyaga mguu.

Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuchuma. Halikudondoka tone la mvua.

Nje, kando ya lori, mdogo wangu alinishika mkono wa shati. "Kaka," alisema. Kisha akapanda lori.

Walihamia vyumba viwili kwa dada yake shemeji. Kabati lilivunjika mguu njiani. Kikundi hakikukutana tena. Daktari alikatazwa mvinyo kwa ajili ya tumbo, akauza kliniki yake. Bibi Stempu alizifua soksi za chupa akanitumia kwa posta, sita, na mbili kati yake si jozi. Chupa tupu niliiacha juu ya meza ya pasi, sijui aliichukua nani. Mwalimu alifariki mwaka wa tatu, nikapata habari baada ya mwezi. Mimi natembea bado, ingawa ulimi siku hizi unajua chumvi na sukari tu. Shemeji yu hai. Nikipita ananipa kiti na chai, ananiuliza barabara ilikuwaje. Picha ya mtoto iko dirishani, peke yake. Ila kuniita shemeji ameacha.