Orodha ya Katibu Teodori

Kipimo kilionyesha kwamba seli za mlango wa kizazi wa Mektilda zimeanza kubadilika. Si saratani, ila zitibiwe mapema. Mumewe Teodori, katibu wa jumuiya yao pale Singe, akalipeleka jambo hilo kwenye sala ya Jumamosi bila hata kumuuliza mwenye mwili, na kila mwenye mdomo akatoa chanzo chake. Kiti cha bodaboda. Sabuni ya unga. Kukaa kwenye jiwe baridi. Teodori akaandika vyote kwa mwandiko mzuri, na tangu siku hiyo Mektilda akawa anakwenda sokoni kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata wakamwita nesi Romana aithibitishe orodha. Akaisoma, akaikunja.

“Chanzo kikubwa ni virusi vya HPV. Vinaambukizwa kwa kujamiiana, na vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili.”

Wanaume wakaanza kukagua dari. Mektilda, ambaye maishani hajamjua mwanaume mwingine, akamtazama katibu. Kalamu ilikuwa imesimama.

“Andika, Baba Adrian,” akamwambia mumewe kwa upole. “Ile sabuni uliiandika mpaka rangi yake.”