Ushindi wa Kupewa

Binti anapochumbiwa, baba huuliza mambo yanayoeleweka: kijana anafanya kazi gani, anakunywa, ana hasira za karibu? Nyundo hakuuliza hata moja. Alipoambiwa kijana ni mtoto wa nani, aliweka mkasi chini, akavua miwani, akakata kauli.

"Mtoto wa Ngazi? Basi aje baba yake kwanza. Akae hapa mbele yangu, aseme watu wasikie kwamba nilimshinda. Bila hivyo hakuna ndoa."

Asiyemjua angedhani ni utani. Binti yake alimjua, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nyundo alikuwa fundi makochi. Wateja wageni waliamini jina lake limetokana na ile nyundo ndogo isiyotoka mkononi mwake, na jambo hilo lilimuudhi kupita kiasi. Jina alilipata ulingoni, enzi hizo akiwa kijana wa kifua kipana mwenye konde la kushoto ambalo watu walifunga maduka mapema kwenda kulitazama. Na pambano lake kubwa, lile ambalo wazee wa mji ule hulitaja mpaka leo wakitaka kuwakoga vijana, alipigana na huyo Ngazi, mrefu kama mlingoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ukitaka kumfikia kidevu sharti upande. Raundi nane. Watu walijaa ukumbini hadi wengine wakakaa madirishani. Majaji walikuwa watatu: wawili wakampa Ngazi, mmoja akampa Nyundo, na wote watatu walitofautisha kwa pointi moja tu. Nusu ya ukumbi ilishangilia, nusu ikarusha viti. Marudiano yakaahidiwa, yakaahirishwa, kisha ukumbi wenyewe ukageuzwa ghala la saruji. Mabondia wakaoa, wakaota vitambi, wakazeeka katika mitaa miwili inayopakana bila kupeana hata salamu.

Ngazi alifungua duka la kuoka mikate. Nyundo naye akala kiapo kwamba mkate wa mtu yule hautapita kooni mwake. Tangu binti akiwa na sare ya shule, asubuhi alitumwa mkate ng'ambo ya soko. Lakini ng'ambo ya soko ni mbali, jua halina huruma, na mkate wa Ngazi ni laini. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi Nyundo alikuwa akichovya kwenye chai mkate wa hasimu wake, tena akiusifu.

"Unauona mkate huu?" alikuwa akimwambia binti. "Huu umeokwa na mtu mwenye adabu zake."

Binti aliinamia kikombe asionekane akicheka. Ni katika foleni ya mkate huohuo alipozoeana na mtoto wa mwoka mikate, kijana mpole mwenye unga kwenye nyusi, ambaye alimwekea wa moto hata siku alizochelewa. Mkate wa moto ukaleta mazungumzo, na mazungumzo yakaleta haya.

Sasa tuseme ukweli, maana Nyundo mwenyewe aliujua ingawa asingeutamka hata kwa kubanwa na koleo. Hakuhitaji kukiriwa na mtu. Mkewe alikwisha fariki, watoto wakubwa walikwisha hama, na ndani ya nyumba ile walibaki watatu tu: yeye, binti na pambano. Kila jioni baada ya kula, alisimulia. Binti aliijua hadithi nzima, akajua pa kushangaa na pa kuuliza "Halafu?" kama hajawahi kuisikia. Alijua pia kwamba raundi ya sita baba huipitia mbio kama mtu anayepita penye mbwa mkali. "Ya sita tulipimana tu," angesema, kisha angetaka maji ya kunywa. Binti angempa maji, asiulize. Kuondoka kwake kulimtia Nyundo hofu ambayo Ngazi hakuwahi kumtia. Ndiyo maana alitafuta sharti gumu kuliko yote. Alimjua mtu yule, kiburi chake kirefu kuliko mikono yake. Abadani asingekubali.

"Mimi siwezi kuondoka kwa kutoroka, baba," binti alimwambia. "Ukisema hapana, nitabaki."

Neno hilo lilipaswa kumfurahisha. Badala yake kwa siku kadhaa alipigilia misumari mahali pasipo pake.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni shangazi, dada mkubwa wa Nyundo, mwanamke asiyejua kubisha hodi. Alikwenda kwa mwoka mikate, akazungumza na baba, akazungumza na mwana, akarudi akipepea uso kwa khanga.

"Wanakuja Jumapili mchana," alisema. "Na amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kukiri, mdogo wangu. Si ndicho ulichotaka? Fagia hizo nyuzi, tafadhali, wageni wasije wakadhani tunafuga kuku humu."

Nyundo alifagia hadi palipokuwa safi.

Sebule yake ndiyo karakana yake. Siku hiyo palikuwa na kochi la watu watatu la mteja mmoja, limekwisha vuliwa kitambaa, springi zinaonekana, na viti viwili vilivyokamilika vikinuka gundi. Shangazi alikaa kwenye kimoja. Ngazi aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, mvi tupu, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Kijana alifuata nyuma, akatoa shikamoo zote alizonazo, akasimama ukutani. Binti alibaki kwenye mlango wa jikoni na sinia la soda ambalo hakuna aliyekumbuka kulipokea.

Wazee wawili walitazamana. Nyundo alishangaa kuona mabega ya Ngazi yameinama kidogo, akashangaa zaidi kwamba hakufurahi.

"Bwana," Ngazi alianza, macho juu darini kama mwanafunzi aliyekariri. "Nimekuja mbele ya watu hawa kukiri kwamba siku ile ulinishinda."

Shangazi akashusha pumzi. Kijana akashusha pumzi. Ingekuwa Ngazi amefunga mdomo pale, soda zingenywewa na mambo yangekwisha. Lakini mtu asiyezoea kusema uongo hajui kipimo chake, akautia kama unga usiopimwa.

"Ulinishinda vibaya," akaongeza. "Raundi zote."

"Zote?" aliuliza Nyundo.

"Zote nane."

"Hata ya sita?"

Kule mlangoni kwa jikoni, soda ziligongana kwenye sinia.

"Hata ya sita," alisema Ngazi. "Hiyo ndiyo ulinionea kabisa."

Nyundo alisimama. Uso wake, ambao binti alitegemea kuuona umechanua, ulikuwa umekunjamana.

"Unanifanya mimi mtoto?" alisema. "Unakuja nyumbani kwangu kunipa pambano kama unampa mtu pipi? Ya sita ulinipiga wewe! Ulinibana kwenye kona, ukanipiga ubavu huu, huu hapa, nikaning'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa! Sikujua hata kengele imelia. Watu wangu walinishika mkono kunirudisha kwenye kiti, nikataka kukaa kwenye kona yako!"

Binti alimtazama baba yake kama ndiyo kwanza anakutana naye.

"Mdogo wangu," shangazi alijaribu, "mtu amekiri, pokea tu, yaishe..."

"Nipokee nini? Mimi niliacha jino ulingoni! Niliamka asubuhi kwenda kukimbia wakati watu wamelala, kwa sababu nilijua nakwenda kukutana na mwanamume. Leo anakuja kuniambia hakukuwa na mtu kule? Kwamba nilipigana na gunia?" Akamgeukia Ngazi. "Nimekuchukia miaka yote hii kwa heshima, bwana wewe. Usinivunjie."

Ngazi alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa akimkonyeza kwa macho yote mawili, baba nyamaza, baba tafadhali. Kisha akauangalia ule mkono Nyundo aliokuwa amejishika ubavuni.

"Si huo," alisema taratibu.

"Nini si huu?"

"Ubavu. Ulikuwa wa pili. Nilikuzuga kwa kushoto, ukafunga huo uliojishika, nikapita upande huu." Na kabla hajajijua, alikuwa amesimama, kiganja kimefunguka hewani.

"Nani alimzuga nani? Nilikuona!"

"Ungeniona ungepigwa?"

"Dada, sogea," alisema Nyundo. "Hiyo hapo ndiyo kona."

Basi ikawa patashika. Viti vikasukumwa, kopo la gundi likaokolewa na kijana, kochi la springi likageuka kamba za ulingo. Wazee wakazungukana polepole, mikono juu, magoti yakilia, kila konde likisimama kabla ya kugusa shati. Walirudi raundi ya pili, pale kushoto kwa Nyundo kulipomlaza Ngazi chali, na Ngazi akakubali, ndiyo, alilala, akaona taa za ukumbi zikiwa mbilimbili. Walifika ya sita, na Nyundo akajitupa mwenyewe kwenye springi, zikalia *krrr*, akaning'inia ili watu waone vizuri. Ya saba wakagombana. Ya nane wote wawili walikuwa hoi wanahema, wameshikana mabega kama walivyoshikana siku ile, hakuna anayejua nani anamzuia nani asianguke.

"Jamani," shangazi aliuliza kutoka pembeni, mkoba kifuani, "tumekuja kuposa au kuvunja mali za wateja?"



"Sasa niambie," Nyundo alisema, bado amemshika mwenzake. "Usitazame dari. Nitazame mimi. Nani alishinda?"

Kijana alifumba macho. Binti aliweka sinia chini.

"Mimi," alisema Ngazi. "Kwa unywele mmoja, na sikulala usiku ule kwa kuumwa mbavu. Lakini nilishinda mimi. Ukitaka kumnyima mwanangu binti yako kwa hilo, mnyime."

Kicheko kikamtoka Nyundo, kile cha tumboni ambacho nyumba ile haikukisikia tangu mkewe alipofariki, akacheka mpaka akalazimika kukaa, akakalia springi, akaruka, akacheka upya.

"Huyo!" alisema akimwonyesha shangazi. "Huyo ndiye niliyepigana naye! Yule mwingine aliyeingia na shati la pasi sikumjua kabisa." Akajifuta macho. "Mimi bado nasema nilikushinda, tuelewane. Nitasema hivyo mpaka naingia kaburini. Lakini nyumba ambayo mtu anaweza kusimama akanikatalia usoni, tena wakati uongo ungemfaa, hapo mwanangu hatadanganywa. Kijana, sogea."

Kijana alisogea, kopo la gundi bado mikononi.

"Ukimliza, mimi na baba yako tutakuja pamoja. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi mchukue."

Shangazi akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Binti alikuja mbio akamkumbatia baba yake shingoni, na ni hapo, katikati ya furaha ya watu, ndipo Nyundo alipopigwa konde ambalo hakujikinga nalo. Alitaka kutania tu. Alitaka kusema kitu chepesi, watu wacheke.

"Haya, umeshinda," alimwambia binti begani. "Lakini jioni sasa nitamsimulia nani?"

Sauti ilikatika kwenye neno la mwisho, wote wakasikia. Binti alizidi kumbana. Kijana alikagua kopo la gundi. Shangazi alifungua mkoba, akaufunga.

Ngazi ndiye aliyevuta kiti, akakaa, akanyoosha miguu yake mirefu katikati ya sebule kama mtu ambaye hana haraka ya kurudi kwake.

"Nisimulie mimi," alisema. "Kule nyumbani wamechoka na raundi zangu, nikianza tu kila mtu anakumbuka kazi. Njoo jioni dukani, au nije mimi hapa."

Nyundo alimtazama juu ya bega la binti yake, macho bado yana maji.

"Utanikatiza," alisema.

"Kila raundi," alisema Ngazi.