Ganzi ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kutia watu ganzi. Kutwa nzima nawachoma sindano madereva, makarani na askari wenye vifua vipana wanaotetemeka wakiona koleo la kung'olea meno, nao huinuka kitini wakinishukuru. Mtu mmoja tu nilikuwa siwezi kumfikishia huduma hiyo, naye ni mke wangu.

Alikuwa na mimba ya miezi minane na uzazi ulimtisha. Hospitali aliyokuwa akihudhuria ilikuwa na sindano ya kutuliza uchungu, na yeye aliitaka. Lakini mama yake alishakata shauri.

"Katika ukoo wetu hakuna aliyezaa kwa ganzi," alisema. "Wewe nilikuzaa bila hata kuguna. Kwani wewe umeumbwa kwa unga?"

Mke wangu, ambaye ofisini hugombeza wanaume wazima, mbele ya mama yake hutulia kama maji mtungini. Nilipojaribu kuchangia neno, niliambiwa fundi wa meno ashughulike na meno. Jina la daktari hakuwahi kuniita.

Waliosema mkuki kwa nguruwe ni mtamu walikuwa wanamjua mama mkwe wangu. Wiki ileile gego lake la chini likaasi. Akaja kwangu ameshika shavu, mke wangu nyuma yake, akatangaza mapokezini, wagonjwa wote wakisikia, kwamba ang'olewe kavukavu.

"Hayo maji yenu ya sindano wapeni watoto," akasema.

Mlango ulipofungwa nikamlaza kitini, nikageuza taa. Nilikuwa nimeligusa jino kwa kioo tu, kile kidogo kuliko kijiko cha chai, aliponidaka mkono.

"Baba," akanong'ona. Hilo nalo hakuwahi kuniita. "Hiyo sindano unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Nichome. Na huyo aliye nje asijue."

"Siri ya mgonjwa haitoki humu ndani, Mama."

"Basi choma mbili."

Nilifurahi, sitaficha. Nikachoma, tukangoja mdomo ufe, na gego likatoka yeye akitazama dari kwa raha zake. Nikamwekea shashi aing'ate, nikampa maagizo ninayompa kila mtu: asile wala asinywe kitu mpaka ganzi iishe, maana nusu ya mdomo haitamtii. Nikayarudia. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Heshima ya fundi wa meno ilikuwa imeshaisha muda wake.

Mapokezini akatoka kifua mbele. Mke wangu akainuka kwa shida, mkono kiunoni.

"Imeuma sana, Mama?"

Mama mkwe akaitoa shashi, akaificha kwenye leso, kisha akajimiminia chai kutoka kwenye chupa ya wafanyakazi wangu. Alitaka watu waone jinsi mwanamke aliyeng'olewa gego kavukavu anavyokunywa chai. Akapiga funda. Chai ikateremka kidevuni, ikalowesha gauni kifuani, naye hana habari. Akaendelea kutabasamu kwa upande mmoja.

"Thijathikia kitu," akasema.

Ilikuwa kweli tupu.

Mke wangu akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama picha ya jino ukutani. Siri ya mgonjwa niliitunza, lakini huyu ni mke wa daktari wa meno, na mdomo wenye ganzi anaujua. Nilidhani atacheka. Badala yake akatoa kitambaa, akamfuta mama yake kidevu taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Mama, mimi naogopa," akasema.

Mama mkwe akakiweka kikombe chini. Akajigusa kidevu, akaona vidole vimelowa, akavitazama kwa muda. Alipozungumza, ulimi ulikuwa bado mzito, ila hapa namnyooshea maneno kwa heshima ya ukwe.

"Siku uliyozaliwa nililia mpaka wakunga wakafunga madirisha."

Mke wangu akaketi. Wagonjwa kwenye benchi wakajifanya wanasoma mabango.

"Ukifika hospitali waombe mapema," akaendelea mama mkwe. "Usingoje mpaka ushindwe. Hiyo dawa inachelewa kushika." Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Muulize daktari."