Msumari Yuko Hewani

Kila asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa chai na kutafuta soksi za watoto, mtangazaji alifungua simu za kipindi chake cha siasa. Miongoni mwa wapigaji wa mwanzo hakukosekana mzee mmoja aliyejiita Msumari. Wasikilizaji walimpenda. Hawakujua kwamba Msumari ni baba mzazi wa mtangazaji, wala kwamba nje ya redio wawili hao walikuwa hawasemezani.

Chanzo kilikuwa msiba. Siku mama alipozidiwa, mtangazaji alikuwa studio akisoma matokeo ya uchaguzi. Dada yake alipiga simu mapokezi, akapiga tena. Ujumbe ulimfikia, naye akajibu, "Nikimaliza jimbo hili natoka." Alipofika hospitali mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Baba, seremala mstaafu asiyependa maneno mengi, alimsubiri mlangoni.

"Umeongea na nchi nzima," alimwambia. "Mama yako alitaka neno moja tu."

Tangu hapo, mtoto akija nyumbani, baba huchukua kofia yake akatoka. Hata salamu zilipitia kwa dada, aliyekuwa akiishi na mzee.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ikaingia, na mtangazaji akaitambua sauti kabla haijamaliza kusema haloo. Akasahau kumkaribisha. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, akamwashiria kwa mkono aendelee.

"Karibu, mzee. Tunaongea na nani?"

"Niite Msumari. Nina neno kuhusu mtaro wa sokoni."

"Sema, mzee Msumari."

"Diwani wetu ana ahadi nyingi kuliko nywele. Na wote tunajua ana upara."

Fundi mitambo alicheka mpaka akainamia mashine zake. Kuanzia siku hiyo mzee akawa hakosi. Mtangazaji alijifunza kumtetea diwani kidogo, makusudi tu, ili baba apandwe na hasira asikate simu mapema.

Dada alimsimulia mambo ya nyumbani. Baba hukaa na redio tangu kunapokucha, anakohoa kusafisha sauti kama bwana harusi anayengoja kuitwa. Akimaliza kuongea husema, "Leo nimempa yake," halafu anakula vizuri.

"Si umwambie basi tuzungumze, mimi na yeye," mtangazaji alimsihi.

"Nilimwambia, kaka. Akanijibu, 'Si naongea naye kila siku?'"

Siku moja mada ilikuwa maji ya bomba. Msumari akaingia hewani kama kawaida, lakini maneno yakawa yanaburuta miguu.

"Ndugu mtangazaji. Haya maji... haya ma..."

Fundi mitambo alidhani mzee amelewa, akapeleka kidole kwenye swichi. Mtangazaji akamtikisia kichwa.

"Mzee Msumari, unanisikia?"

"Mwanangu," sauti ikasema. "Mkono umekufa ganzi."

"Baba, dada yuko hapo?"

"Ametoka. Sokoni."

"Kaa chini, baba. Usiende popote. Nakuja."

Akavua vifaa vya masikioni, akatoka mbio. Fundi mitambo, asiyeelewa kitu, akaweka muziki. Mtangazaji alisimamisha pikipiki ya kwanza aliyoiona, na alipofika alimkuta baba sakafuni kati ya kiti na meza, simu ikiwa kifuani. Redio ilikuwa bado inaimba ule wimbo wa kuziba pengo.

Mzee hakufa siku hiyo. Kiharusi kilimwachia macho na upande mmoja wa mwili, kikachukua maneno yote. Mtangazaji aliomba likizo, akawa anashinda hospitali. Alimlisha uji, akamnyoa ndevu. Siku aliyopata ujasiri alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Baba, ile siku ya mama. Nilipaswa kuondoka. Nisamehe."

Baba alimtazama. Midomo ikahangaika, mishipa ya shingo ikasimama, na mwisho ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Mtangazaji aliinama, akategea sikio, akamwomba arudie. Ikatoka ileile. Ilikuwa nimekusamehe, au ilikuwa niache? Hakupata kujua. Siku chache baadaye, asubuhi, baba alikata roho. Mwanawe alikuwa amemshika ule mkono mzima.

Aliporudi kazini alifungua simu kama zamani. Akaingia muuza nguo za mitumba, mama mmoja aliyekuwa hodari wa kubishana na Msumari.

"Mwanangu, kabla ya siasa, yule mzee wetu yuko wapi? Kipindi kimechacha."

Mtangazaji alisogea karibu na kipaza sauti.

"Mama, Msumari alikuwa baba yangu. Tulimzika wiki iliyopita."

Nyuma ya kioo, fundi mitambo aliinua kichwa. Simuni zilisikika kelele za soko tu, mtu akinadi viatu.

"Pole, mwanangu. Kumbe," mama akasema mwishowe. "Basi nyumbani kwenu watu walikuwa hawalali kwa mijadala."

"Hapana, mama. Nyumbani tulikuwa kimya. Tulikuwa tunaongea hapa tu."

Mama alisikika akilia taratibu. Mtangazaji hakukata simu yake, wala hakupokea nyingine, mpaka msoma habari alipoingia na karatasi zake.